Umemaliza kulipa, mbona ufunguo bado anao mwingine?

Wasomaji wangu, habari za huko mliko. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinagusa jambo moja: mtu katoa pesa yake, kitu kiko mkononi mwake, lakini kuna mwingine mahali fulani anaweza kukizima, au kukataa kisitengenezwe, au kumwambia waziwazi kwamba hicho si chako. Jambo hili linaniuma sana manake kwetu Uganda hatununui kitu cha kutupa, simu inatoka kwa baba inaenda kwa kijana inaishia kwa bibi kijijini, tivii inapita kwa fundi mara nyingi kabla haijafa kabisa. Kwa hiyo safu yote ya mwezi huu nimewapa nyinyi wa simu, magari na mashine. Wale wa viwanja na wapangaji mniwie radhi, zamu yenu inakuja.

Habari kaka. Mimi nauza nyanya na samaki hapa Busia. Nilichukua simu ya mkopo, nikatoa pesa ya kwanza dukani alafu nikawa nalipa kidogo kidogo kwa mobail mani. Nimemaliza deni lote lakini simu bado inajifunga yenyewe inaandika kwamba nadaiwa. Nikipiga namba ya huduma naambiwa nisubiri. Kuna fundi anasema ataiflashi kwa elfu thelathini. Nimpe? Na hii simu sasa ni yangu au ni yao?
*Mama wa nyanya, Busia*

Mama yangu pole sana, na hizo elfu thelathini usitoe kwanza, nisikilize.

Kufuli ya simu za mkopo haikai kama app ya kawaida ambayo unaishika na kuifuta. Siku ile mlipoiwasha mara ya kwanza pale dukani simu iliingia intaneti ikajitambulisha kwa namba yake ya IMEI (bonyeza *#06# utaiona), na huko kwenye seva imeandikwa kwamba simu hii iko chini ya kampuni fulani. Samsung wana mfumo wao wa kazi hiyo unaitwa Knox Guard, Google nao wana programu yao ya kufunga simu za mkopo, na wengine wana za kwao. Ndo maana hata ukiifuta simu yote ikaanza upya kama mpya, ikigusa intaneti tu kufuli inarudi palepale. Fundi akiiflashi, yaani akiiwekea softiwea upya, inaweza ikafunguka alafu ikija apdeti inajifunga tena, au bodi ikafa kabisa, na wakati huo kampuni itasema wewe ndo uliyechezea simu na hapo umeshawapa sababu ya kukukataa. Leo wewe ndo mwenye haki, usiipoteze kwa flashi.

Swali lako la pili ndo zito. Unapochukua kitu kwa kulipa kidogo kidogo, kwa kawaida mkataba unasema mali inabaki ya kampuni mpaka umalize, na Uganda tuna sheria ya ununuzi wa namna hiyo tangu 2009, na nyingine ya 2019 inayohusu vitu vinavyohamishika kuwekwa dhamana ya mkopo. Wakati wa deni wana haki zao, sawa. Lakini shilingi ya mwisho ikishaingia, mambo yamekwisha, simu ni yako na hawana sababu ya kubaki ndani yake. Kufuli kubaki hapo ni kazi yao ambayo hawajaimaliza na waimalize kwa gharama yao.

Sasa fanya hivi mama. Nenda kwenye duka la kampuni ya laini yako uombe steitimenti ya malipo yote ya mobail mani tangu siku ulipochukua simu, kila malipo yana namba yake ya muamala na hizo namba ndo ushahidi wako, meseji peke yake zinafutika. Mkae na kijana anayejua hesabu mjumlishe, mlinganishe na bei iliyo kwenye mkataba. Kama mkataba hukupewa, waombe nakala, mkopeshaji makini hawezi kukunyima karatasi uliyosaini mwenyewe. Alafu andika barua fupi: nimelipa kiasi hiki, deni lilikuwa kiasi hiki, naomba barua ya kumaliza deni na kufuli itolewe ndani ya siku 14. Peleka mwenyewe ofisini na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Hiyo nakala yenye muhuri itunze pamoja na kitambulisho chako.

Wasipojibu, kuna njia ambayo watu wengi hawaijui na natamani kila mtu sokoni aijue. Katika korti za mahakimu wakuu kuna utaratibu wa madai madogo, umekuwepo tangu kanuni za 2011, unasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na wakili haruhusiwi kumsemea mtu pale. Yaani kampuni iwe kubwa namna gani, inabidi ilete mtu wake asimame mbele ya hakimu kama wewe unavyosimama. Dai lako liandike kwa pesa, bei ya simu uliyolipa. Mara nyingi hata hufiki huko, wakiona barua inataja korti ya madai madogo simu inafunguka.

Na jambo moja la mwisho, hiyo programu ya kufuli inaweza kuwa inasoma mambo mengine ndani ya simu yako. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wanachukua nini na wanakifanyia nini. Liweke swali hilo ndani ya barua ileile.

Ndugu mhariri, nilinunua tivii Kampala kwa shilingi laki tisa, kabla hata mwaka haujaisha ikaweka mstari wa kijani wa kusimama katikati ya kioo. Nilimwita fundi wa mtaani akafungua nyuma akaangalia akasema ni kioo, akafunga. Kurudisha dukani wananionyesha chini ya risiti, imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudi, tena wanasema stika ya nyuma imekatika kwa hiyo waranti imekufa. Nimeshindwa?
*Baba wa watoto wanne, Jinja*

Hujashindwa ndugu yangu, usiache.

Hayo maandishi ya "haikubaliki kurudishwa" yako kwenye karibu kila risiti kuanzia Kikuubo mpaka maduka ya vioo na watu wanaamini ni sheria ya nchi. Sheria ya nchi ni ile ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, na inaingiza masharti ndani ya kila mauzo hata kama hayakutajwa: muuzaji awe na haki ya kuuza, kitu kifanane na kilivyoelezwa, kiwe cha ubora unaoridhisha na kifae kwa kazi yake. Tivii inayoweka mstari kabla ya mwaka ina maswali ya kujibu hapo. Tena risiti ulipewa baada ya kulipa, na sharti unaloletewa mkononi wakati mmeshakubaliana na pesa imeshatoka haliwezi kuwa sehemu ya makubaliano yenu. Na usikubali wakutume kwa kampuni iliyotengeneza ng'ambo, mkataba wako ni na duka lililopokea pesa yako.

Kuhusu stika. Huko Marekani tume ya biashara ya serikali, FTC, iliziandikia kampuni sita mwezi Aprili 2018 ikizionya kwamba kumwambia mteja waranti imekufa kwa sababu tu ametumia vipuri au fundi wa nje ni kinyume cha sheria yao. Hapa kwetu sheria haitaji stika kwa jina, kwa hiyo hoja yako iwe ya kiufundi. Mstari mmoja wa kusimama unatokea pale ambapo zile nyaya nyembamba kama utepe, zilizogandishwa kwenye ukingo wa kioo, zimeachia au zimeungua. Ni hitilafu ya kioo chenyewe, kufungua skrubu za mfuniko wa nyuma ukaangalia hakuleti mstari huo. Waulize kwa upole lakini mbele ya watu: nionyesheni kufungua mfuniko kumeharibuje kioo. Nyamaza usubiri jibu.

Wakikataa, barua ya siku 14 kama niliyomwelekeza mama wa Busia hapo juu, na laki tisa iko ndani kabisa ya kiwango cha madai madogo. Kama unaona tivii yenyewe ni feki, na jina la kampuni limebandikwa tu, peleka malalamiko UNBS pia, shirika la viwango, makao yao yako Bweyogerere.

Siku nyingine tivii ikiwa bado ndani ya waranti anza dukani, fundi baadaye. Na kabla hujatoa pesa waambie waandike kwenye risiti aina ya tivii, namba yake ya siriali iliyoko nyuma, na miezi ya waranti, kisha muhuri. Duka linalokataa kuandika miezi ya waranti kwenye risiti limeshakujibu.

Kaka mimi ni fundi simu pale Mutaasa Kafeero. Nikitoa kioo orijino kwenye iPhone iliyokufa bodi nikakiweka kwenye nyingine ya aina ileile, simu inaandika kwamba haiwezi kuthibitisha kipuri. Mteja ananiita mwizi, anasema nimemwekea kopi. Kioo ni orijino kabisa! Kuna sheria inayotulinda mafundi?
*Fundi wa gorofa ya pili, Kampala*

Fundi, barua yako ndo iliyonifanya nitenge safu nzima kwa mambo haya, manake wewe ndo unabeba lawama ya mtu ambaye hata hayuko Kampala.

Wewe unajua lakini wasomaji wengine wajue. Kwenye simu za siku hizi kioo, betri na kamera kila kimoja kina chipu yenye namba yake, na bodi inaikumbuka namba iliyozaliwa nayo. Ukileta kipuri chenye namba nyingine, hata kiwe kimetoka kiwandani kwao wenyewe, simu inakishuku. iPhone zilianza kuonyesha ujumbe wa betri kwenye aina za 2018, za XS na XR, kisha ujumbe wa kioo kwenye iPhone 11. Mwaka 2021 ilipotoka iPhone 13 mafundi duniani wakagundua ukibadilisha kioo Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, inakufa kabisa, wakapiga kelele mpaka Apple wakarudi nyuma wakatoa apdeti ya kuondoa hilo. Kwa hiyo kelele inafanya kazi, tusidharau.

Ile njia yenu ya kuhamisha chipu ndogo ya kioo cha zamani kwa hewa ya moto, chini ya hadubini, ukaibandika kwenye kioo kipya, nimeiona ikifanywa na mikono isiyotetemeka hata kidogo. Hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa na nasema wazi kwamba isingehitajika kabisa, saa nzima ya fundi inakwenda kuidanganya simu ikubali kioo ambacho tayari kinawaka vizuri. Mteja anailipia saa hiyo. Mimi hilo naliita dhuluma.

Sheria sasa. Uganda hatuna bado sheria ya haki ya kutengeneza. Wenzetu wamefika mbali kidogo: jimbo la Oregon kule Marekani mwaka 2024 lilipitisha sheria inayokataza kampuni kutumia kufuli ya vipuri kuzuia matengenezo, kwa vifaa vilivyotengenezwa na kuuzwa mara ya kwanza kuanzia 2025. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya ikiingia soko lao kampuni lazima iwe na vipuri miaka 7 baada ya kuacha kuuza aina hiyo, na apdeti za mfumo zisipungue miaka 5. Sheria hizo hazitufiki sisi, lakini vipuri na miongozo inayotolewa kwa ajili yao ni ya simu zilezile mnazofungua ninyi, itafuteni muitumie. Na msidhani ni simu tu, mwezi Januari 2025 ile FTC ilimpeleka kortini John Deere kwa sababu wakulima wa Marekani hawawezi kutengeneza matrekta yao bila softiwea ya kampuni. Mkulima mwenye trekta la mamilioni na wewe mwenye bisibisi mnalia kilio kimoja.

Kwa sasa jilinde hivi. Kwanza, mwambie mteja habari ya ujumbe kabla hujafungua simu, uandike kwenye karatasi ya kazi asaini. Pili, kioo cha zamani kitie kwenye mfuko umrudishie, mtu akishika mali yake mkononi hasira inapungua. Tatu, kwenye iOS 18 (mfumo wa iPhone) na kuendelea angalia kwenye setingi kwenye historia ya vipuri, Apple wameanza kuruhusu vipuri orijino vilivyotumika kusajiliwa kwenye baadhi ya aina. Lakini simu uliyoitoa kipuri ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine kipuri hakitakubali, kwa hiyo jua simu za spea unanunua kwa nani. Na kumbuka ile sheria ya 2017 inagusa huduma pia, nawe unadaiwa kufanya kazi kwa uangalifu na ujuzi. Fundi mwenye karatasi hana cha kuogopa hapo.

Nimenunua gari kutoka bondi, ile yadi ya magari ya nje, limetoka Japani. Betri ilikufa nikabadilisha, sasa redio inaandika Kijapani na inataka kodi (namba za kuifungua). Dalali hapokei simu. Fundi wa Kisekka anataka laki mbili na nusu. Ni halali?
*Dereva, Mbarara*

Redio hizo zimewekewa ulinzi wa wizi, ukikata umeme wa betri inaamini imeibiwa. Nyingine zinataka ile kadi ndogo ya SD yenye ramani iliyokuja nayo, na wengi wanaitoa kadi hiyo wanaiuza au wanaweka nyimbo ndani. Kwa hiyo kabla ya kodi tafuta kwanza kama kadi ipo, labda iko kwenye droo ya dashibodi. Kama inataka kodi, piga picha herufi zote zilizoko kwenye skrini na namba iliyoko kwenye stika ya redio, ukiwa nazo unaweza kuuliza bei kwa mafundi wengi bila kupeleka gari, na utaona bei zinavyotofautiana, hiyo laki mbili na nusu sijui umepimiwa kwa nini. Redio ya kawaida ya Android nayo ipigie hesabu kabla hujaamua.

Kwa mnaokwenda bondi wiki hii: redio iwashwe mbele yako, uulize kadi ya SD iko wapi. Na siku ya kubadilisha betri mwambie fundi aweke betri ya pili kwa nyaya kwenye vichwa vya waya wakati ya zamani inatoka, umeme usikatike hata sekunde. Fundi mzuri anajua, lakini asipoambiwa hafanyi.

Mimi ni boda, steji yangu iko Ntinda. Nataka kuhama petroli niingie pikipiki ya umeme, wenzangu wanasema mafuta hayanisumbui tena. Ila nimesikia unanunua pikipiki lakini betri si yako, unabadilisha kwenye kituo chao na kulipa kila mara. Hiyo imekaaje? Sitakuja kujuta?
*Boda wa Ntinda*

Ndugu yangu umeuliza kabla ya kutoa pesa na hilo peke yake limekuokoa nusu ya matatizo.

Mfumo huo una uzuri wake na siupingi. Betri ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki ya umeme na ndo inayochoka mapema, kwa hiyo kampuni ikiibeba yenyewe wewe unanunua pikipiki kwa bei ya chini na betri ikichoka ni hasara yao. Unafika kituoni unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa unaondoka, mteja wako hajavua hata kofia. Hiyo ni faida kweli.

Shida iko hapa: umenunua nyumba na mwenye kiwanja amebaki na mlango. Ndani ya betri kuna bodi inayosimamia chaji na joto, na kwa mifumo mingi inawasiliana na pikipiki, kwa hiyo huwezi kuchomeka betri ya kampuni nyingine wala aliyoiunga fundi wa Katwe. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha, unalipa. Ikifunga kituo cha karibu na steji yako, unasukuma. Na ikifilisika je? Hili limeshatokea. Kulikuwa na kampuni ya Israel inaitwa Better Place, ilianzishwa 2007 na Shai Agassi, ilikuwa na magari ya Renault ambayo mteja ananunua gari lakini betri ni ya kampuni, anabadilisha kwenye vituo vyao. Walichangisha mamia ya mamilioni ya dola. Mwezi Mei 2013 wakafilisika, na watu wakabaki na magari ambayo roho yake ni mali ya kampuni iliyokufa.

Sisemi hizi za kwetu zitafilisika. Nasema uulize na ujibiwe kwa maandishi, usikubali maneno ya kijana wa mauzo mwenye fulana nzuri. Logibuku, kitabu cha umiliki wa pikipiki, itaandikwa jina la nani na lini? Bei ya kubadilisha betri inaweza kupanda bila kuniarifu? Nikichelewa kulipa mnaweza kuizima pikipiki nikiwa barabarani na mteja nyuma? Hilo la mwisho lishikilie sana, pikipiki kuzimwa Jinja Road usiku ni hatari ya uhai, na mkataba unatakiwa useme wazi kwamba ikifungwa itafungwa ikiwa imesimama tu. Uliza pia spea, breki, taa, kontrola, je zinauzwa kwa fundi yeyote au lazima karakana yao? Na kampuni ikifunga, betri nitauziwa mimi au nitabaki na chuma?

Nenda na wenzako wa steji. Mtu mmoja akiuliza anaonekana msumbufu, steji nzima ikiuliza kwa pamoja inabidi mkataba uandikwe upya. Chama chenu kina nguvu kuliko mnavyodhani, na mkataba wa Kiingereza wa kurasa nyingi mtafutieni mtu wa kuwasomea kabla hamjasaini.

Mwalimu hapa Tororo. Shule yetu ilipewa kompyuta zilizotumika, zote Windows 10. Tumeambiwa hazifai tena tununue mpya. Bodi ya shule haina pesa. Ni kweli zimekufa?
*Mwalimu wa ICT, Tororo*

Mwalimu, hazijafa. Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za usalama za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, ndo maana mashine nzima zinazowaka vizuri zinaambiwa hazina sifa. Vyuma vyake havijaharibika popote.

Zigawe. Chache zibaki na Windows kwa ajili ya watahiniwa wa ICT wa UNEB, baraza la mitihani, wazoee programu watakazokutana nazo, lakini zitoe kwenye intaneti na muwe makini na flashi za USB. Nyingine zote weka Linux, mfumo unaokaa badala ya Windows, aina ya Ubuntu au Mint, ni bure na ni halali, mnaweza kunakili kwenye mashine zote bila kumlipa mtu, na LibreOffice inafungua faili za Word na Excel. Kama RAM ni ndogo chukua toleo jepesi. Mashine ikiwa nzito sana, kabla ya kuitupa ongeza diski ya SSD ya bei ndogo, utashangaa inavyoamka. Na tafadhali washirikishe wanafunzi wenyewe kuzifungua na kuziweka sawa, hilo ni somo kubwa kuliko lililoko kwenye kitabu.

Siku nyingine shule ikipewa msaada wa kompyuta, andikeni barua ya shukrani na ndani yake muulize prosesa ni ya mwaka gani. Si kukosa adabu, mzigo wa mashine zilizokwisha ukiletwa shuleni nyinyi ndo mtatafuta pa kuzitupa.

Kijana wangu, simu yangu ni ya zamani, inapiga vizuri, tochi inawaka, chaji inakaa. WhatsApp imekataa kufunguka. Wajukuu wanasema ninunue nyingine. Kwani imeharibika?
*Bibi, Gulu*

Bibi yangu, simu yako nzima kabisa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5, na simu yako inaonekana iko hapo. Mwambie mjukuu aangalie kwenye setingi, pale panapoandikwa kuhusu simu. Kama ni 4, toleo hilo halibadiliki kwa apdeti ya kawaida, kampuni iliacha zamani kuitolea.

Lakini kabla mtu hajaifuta wala kuiuza, picha za wajukuu na sauti ulizotumiwa bado zimo ndani, kwenye folda ya WhatsApp, hata kama WhatsApp yenyewe haifunguki. Mjukuu azihamishie kwenye memori kadi au kompyuta leo. Simu ibaki nayo ya kupiga na mobail mani, na wakikununulia nyingine iliyotumika, waangalie toleo la Android kabla ya kuangalia ukubwa wa kioo, na ikiwa ya mkopo warudi juu kabisa wasome barua ya mama wa Busia.